Kununua Chakula cha Siku na Kuweka cha Mwaka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika mji wa Pangani, na katika miji yote ya Mrima, mna nyumba za namna mbili. Nyumba ya kwanza hununua chakula kila siku. Asubuhi mwenye nyumba hushika kikapu akaenda sokoni, akarejea na kibaba cha mchele, na fungu la nyanya, na nazi, na samaki waliotoka majini alfajiri ile; na jioni mtoto hutumwa dukani kwa sukari ya chai na kipimo cha mafuta. Nyumba ya pili hununua mara moja kwa mwezi, au mara moja kwa msimu: gunia la mchele, gunia la unga, dumu la mafuta, na samaki wa juma zima hulazwa ndani ya friji.

Na watu wa nyumba hizi mbili hutiana ila. Wa kwanza husema kuwa mwenye magunia hamtegemei Mola wake, imani yake ameifungia ghalani. Wa pili husema kuwa mwenye kibaba ni mvivu wa kupanga, humwachia mkewe chungu kitupu kisha akauita uvivu wake tawakali. Maneno haya yakizidi huleta dharau baina ya jirani na jirani. Kwa hiyo yafaa suala hili litazamwe kwa elimu, kwani ndani yake mna haki ya mke, na ya watoto, na ya jirani, na ya soko zima.

HOJA ZA PANDE MBILI

Wanunuao kila siku huitegemea hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwa Sayyidna Umar, ambamo Mtume amemfananisha mwenye kumtegemea Mungu kweli kweli na ndege, atokaye kiotani na njaa akarudi ameshiba. Tena hutaja aliyoyapokea Anas, ya kuwa Mtume hakuwa akijiwekea kitu cha kesho. Hadithi hizi hazina budi kuheshimiwa, lakini hazifiki pale zinapopelekwa. Wanazuoni wamesema kuwa ndege yule hakukaa kiotani akangoja, alitoka. Basi hadithi yahimiza kutoka na kutafuta, wala haikukataza kuweka. Na nyuki naye ana mabawa, na sura nzima ya Qur'ani imeitwa kwa jina lake, naye ni mwekaji kuliko wote.

Wawekao nao wana hoja. Nabii Yusuf aliwaelekeza Wamisri walime miaka saba, na wavunacho wakiache ndani ya masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, mpaka ipite miaka ya njaa. Mkulima wa Uzigua atundikaye mahindi na maganda yake juu ya moshi wa jiko afuata hekima iyo hiyo, kwani punje isiyopukuchuliwa huchelewa kuingiwa na wadudu. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Sayyidna Umar kuwa Mtume aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka katika mazao ya mitende ya Banu Nadhir. Aliyeweka hivyo ndiye mbora wa wenye kutegemea, wala hapana awezaye kusema kuwa kuweka kulimtoa katika tawakali.

Wanazuoni wamezikusanya khabari hizi mbili kwa kusema kuwa kwa nafsi yake Mtume hakuweka, na kwa watu wa nyumba yake aliweka. Hapa pana funzo kubwa. Mtu aweza kuichagulia nafsi yake njaa ya kesho ikiwa moyo wake una nguvu, lakini hana rukhsa kumchagulia mkewe na mtoto wake. Na akiba ile ya mwaka haikuwa ikifika mwisho wa mwaka, kwa sababu wageni na wenye shida walikuwa wakipewa humo. Mtume alifariki na deraya yake ya vita i rehani kwa Yahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri alizozikopa kwa ajili ya nyumba yake. Basi katika nyumba moja mlikuwa na akiba ya mwaka, na mlikuwa na deni la chakula, wala hakuna katika hayo mawili kilichokuwa aibu.

SABABU YA KUNUNUA MARA NYINGI AU MARA CHACHE

Tena na ajue msomaji kuwa wingi wa safari za sokoni hautoki katika imani. Hutoka katika njia ya mtu ya kupata fedha. Mvuvi hupata kwa usiku. Giza likiingia huvua dagaa kwa taa, na mbalamwezi ikitoka dagaa hupungua. Na kusi likivuma bahari huchafuka, mashua zikakaa pwani. Mtu ambaye riziki yake huenda na mwezi na upepo hawezi kununua gunia, kwani hana siku ambayo thamani ya gunia i mkononi mwake. Mwalimu na karani hupata kwa mwezi, nao hununua kwa mwezi. Mkulima hupata kwa mavuno. Na katika mashamba ya mkonge ya zamani, mtu wa kipande alipata mshahara wake akitimiza siku 30 za kazi, na katikati akala posho aliyopewa.

Chakula chenyewe nacho kina amri yake. Nazi yakaa miezi, mchele wakaa mwaka, papa mkavu na ng'onda hudumu. Lakini mchicha haulali, na samaki mbichi asipopata barafu hufika jioni ameharibika. Basi hata mwenye magunia huenda sokoni kila siku kwa kitoweo. Na friji iliyojazwa kupita haja, kisha umeme ukakatika, humfanya mwenyewe atupe alichonunua, na huo ni ubadhirifu.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi mwenye gunia hana sababu ya kumdharau mwenye kibaba. Khasa kwa kuwa mwenye kibaba hulipa zaidi: ukivihesabu vibaba vyote vya gunia moja kwa bei ya reja reja, thamani yake huipita ya gunia. Maskini huuziwa ghali kwa sababu ni maskini. Aambiwaye kuwa hana mpango huenda ndiye apangaye kuliko wote, kwani kila asubuhi huigawa shilingi ile ile baina ya unga, na mafuta, na dawa ya mtoto.

VIPIMO VITATU VYA SHERIA

Ukitazama katika vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi utaona kuwa sheria ina vipimo vitatu katika jambo hili.

Kipimo cha kwanza ni siku, na hii ni haki. Nafaka ya mke humpasa mume kila siku inapopambazuka: mudi mbili kwa tajiri, mudi moja kwa asiyekuwa na uwezo, na mudi moja na nusu kwa wa kati, katika chakula kiliwacho zaidi katika mji, pamoja na kitoweo chake. Watu wa pwani hawavioni vipimo hivi kuwa vigeni, kwani pishi moja kwao ni vibaba vinne, kama swaa ilivyo mudi nne. Mume akimwachia fedha badala ya chakula, na mke akaridhia, yajuzu. Lakini asidhani kuwa fedha isiyotosha imemwondolea deni. Kadhalika zaka ya fitri humpasa kila aliye na ziada ya chakula chake na cha walio juu yake kwa siku ya Idi na usiku wake. Sheria haikumuuliza mtu kama ana cha mwezi. Imemuuliza kama watu wake wamepata cha leo. Basi mnunuzi wa kila siku akitimiza cha leo ametimiza, wala halaumiwi.

Kipimo cha pili ni mwaka, na hii ni rukhsa, kwa dalili iliyotangulia. Lakini rukhsa hii ina tafsili, na wengi hawaijui. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amenakili kwa Kadhi Iyadh tafsili ya wanazuoni walio wengi. Mtu akiweka mazao ya shamba lake, hapana neno. Akitaka kununua sokoni ili awawekee watu wake, hutazamwa wakati. Ukiwa ni wakati wa wasaa, na anunue cha mwaka. Ukiwa ni wakati wa dhiki ya chakula, haijuzu. Na anunue kiasi kisichowatia watu katika dhiki, kama cha siku kadhaa au cha mwezi. Hili ndilo jawabu la suala zima. Idadi ya safari za kwenda sokoni haikuwekewa hukumu yake peke yake. Hukumu hufuata hali ya soko, na hali ya wale wanaokuja nyuma ya mnunuzi.

Kipimo cha tatu ni kile kinachozidi mwaka. Wanazuoni wa madhehebu wamekhitalifiana kama kukizuia ni karaha, na wamesema kuwa bora ni kukiuza. Na watu wakifikiwa na dharura, wala pasipatikane chakula ila kwa mtu mmoja, hulazimishwa kuuza kinachomzidi. Ama mfanyabiashara anunuaye chakula wakati wa ughali akakificha ili kizidi kupanda, huyo ameingia katika ihtikari, na katika Sahihi Muslim mwenye kuifanya ameitwa mkosaji.

KHABARI ZA KUZINGATIWA

Asiione mtu kuwa haya ni mambo madogo ya jikoni. Katika miaka ya 1830 mvua ilikosekana Uzigua, na njaa ikawa kubwa. Watu waliteremka pwani wakajitoa wao na watoto wao kwa wenye vyombo, ili wapate kula. Wengi walivushwa mpaka Banadiri wakatiwa utumwani, na waliotoroka walikaa katika bonde la Mto Juba, ambako wazao wao wamehifadhi Kizigua mpaka zama hizi. Dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991 baadhi ya wazao hao walikimbilia Tanzania, wakapewa makao Handeni, katika nchi ya mababu zao. Palikuwapo wenye chakula na palikuwapo wenye njaa, na chakula kikawa ndiyo thamani ya mtu.

Mwaka 1983, bidhaa zilipoadimika katika Tanzania nzima, Serikali ilipiga vita ulanguzi, Waziri Mkuu akiwa Edward Moringe Sokoine. Maghala na nyumba zilipekuliwa, na watu wengine kwa khofu walizitupa bidhaa walizozificha. Kilichotupwa hakikumfaa aliyeficha wala aliyekosa.

Na mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, watu wa Ulaya na Marekani waliingia madukani wakabeba unga na tambi mpaka rafu zikabaki tupu. Hawa wengi wao hawakuwa walanguzi. Kila mmoja alinunua kwa ajili ya nyumba yake. Lakini aliyekuja jioni baada ya kutoka kazini, na mzee asiyeweza kusimama katika safu ndefu, hawakukuta kitu. Hili ndilo alilolitaja Kadhi Iyadh kabla ya karne nyingi: nia ya mnunuzi yaweza kuwa njema, na kununua kwake kukawa dhiki kwa wengine.

YAPASAYO KUFANYWA

Pangani jambo hili huonekana zaidi mwisho wa Shaabani. Wenye uwezo hununua sukari, na tende, na unga wa ngano wa mwezi mzima kwa siku mbili au tatu, bei hupanda, na mwenye kibaba, ambaye hakuwa na fedha ya kununua mapema, huipokea Ramadhani kwa bei waliyoipandisha wenziwe. Mtume alipoombwa awawekee watu bei alikataa, na madhehebu yashika hivyo. Basi mzigo umebaki juu ya dhamiri ya anunuaye na auzaye. Mwenye uwezo na anunue mapema, wakati wa wasaa, kidogo kidogo, ili soko lisishtuke. Akikuta dhiki imekwisha kuingia, na achukue cha siku kadhaa kama wachukuavyo wenziwe.

Mwenye duka naye na asimkate mnunuzi wa kibaba katika kipimo. Anunuaye gunia hupunguziwa mara moja kwa mwaka, na anunuaye kibaba akipunjwa hupunjwa kila siku, na dhuluma hiyo hujikusanya.

Ama wenye kibaba wenyewe, wana njia iliyosifiwa. Imepokewa kwa Abu Musa katika Bukhari na Muslim kuwa watu wa kabila lake, Al-Ash'ari, chakula kilipowapungukia walikuwa wakikusanya walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa chombo kimoja, na Mtume akawasifu kwa hilo. Basi nyumba nne au tano za mtaa mmoja zaweza kuchanga, zikanunua gunia kwa bei ya jumla, zikagawana kwa pishi moja mbele ya wote. Kila nyumba hupata kibaba chake kwa bei ya mwenye gunia. Na mwenye nyumba ya magunia akiulizwa kama ataingia katika mchango huo, asiseme kuwa yeye hana haja. Naye na aingie, kwani fedha yake yaweza kutangulia, wenziwe wakamrudishia kwa siku zao, pasipo ziada.

Na ikiwa jioni mtoto wa jirani amekuja na bakuli kuomba kibaba cha kukopa, hapo hapaulizwi nani ana tawakali zaidi. Hupimwa kibaba, kikajazwa vizuri, mtoto akarudi kwao kabla jua halijatua.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.