KIMYA NA UTULIVU

Wapenzi wakatekumeni wa Makobola, nanyi nyote mkaao kando ya ziwa Tanganyika,

Watu wengi hudhani ya kuwa kimya na utulivu ni kitu kimoja. Sivyo. Kimya ni kukosa sauti. Utulivu ni zaidi ya hapo. Tuitazame asili ya neno lenyewe.

Utulivu hutokana na kutulia, na kutulia hutokana na kutua. Kutua mnakujua vema. Mama ashukaye mlimani na kikapu cha mihogo mgongoni, kamba imembana kipaji, afikapo nyumbani hutua mzigo. Shingo hunyoka, pumzi humrudia. Basi mtu mtulivu ni mtu aliyetua mzigo.

Lugha nyingine zashuhudia vivyo hivyo. Waingereza husema "quiet". Neno hilo asili yake ni Kilatini, "quies", maana yake pumziko. Wafaransa humwita mwenye wasiwasi "inquiet", yaani asiye na pumziko. Na "Requiem", neno lianzalo Misa ya Wafu kwa Kilatini, ni la ukoo huohuo: twawaombea marehemu wetu pumziko.

Hapa Makobola jambo hili si la darasani tu. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, watu wengi waliuawa hapa na katika vijiji jirani. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yataja zaidi ya 800. Milio ya bunduki ilipokoma, palikuwa kimya. Je, kimya kile kilikuwa utulivu? Hasha! Kilikuwa kimya cha hofu na cha kilio kisichothubutu kutoka. Hata leo mtu aweza kunyamaza mbele ya watu, huku moyoni amebeba kisasi mwaka hata mwaka.

Sasa mtazameni Bwana wetu Yezu Kristu chomboni. Ninyi mvuao ndagala usiku mwajua ukali wa upepo wa ziwani. Mawimbi yaliingia chomboni, mitume wakapiga kelele; naye alikuwa amelala. Kimya hakikuwapo, lakini utulivu alikuwa nao, kwa kuwa alikuwa mikononi mwa Baba. Kisha akaamka, akauamuru upepo na maji, navyo vikamtii.

Huyo ndiye awaitaye wote waliolemewa, ili awapumzishe. Nanyi mnaoungojea Ubatizo, jiulizeni: Nimebeba nini? Mwenye chuki na aitue. Kutua chuki si kuwasahau wafu wetu, wala si kuficha kweli, wala si kukataa haki ya sheria. Ni kumwachia Mungu kisasi, kwa maana mzigo huo si wetu.

Kila jioni, kabla ya kulala, pigeni magoti kitambo. Mwambieni Mungu taabu ya siku hiyo. Watajeni wafu wenu kwa majina. Kisha mwombeeni yule aliyewakosea. Sala hii ya mwisho ni ngumu. Isemeni hata kama midomo yatetemeka. Ndivyo mzigo mzito unavyotuliwa, kidogo kidogo.

Mungu awajalie marehemu wetu pumziko, na sisi tulio hai utulivu wa kweli. Amina.