Nani Amwambie Mwali Kiziwi?

Wiki hii nilialikwa kwenye hafla ya kugawa taulo za kike katika shule moja ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi viziwi. Mgeni rasmi alizungumza kwa kirefu, na alizungumza vizuri: hedhi si ugonjwa wala aibu, badilisheni pedi kila baada ya saa 4 hadi 6, msikose masomo. Pembeni yake alisimama mkalimani, mwalimu wa kiume. Mikono yake ilikwenda sambamba na hotuba mpaka ilipofika kwenye damu. Hapo akaonyesha pakiti, akaonyesha usafi, akaonyesha asanteni, basi. Wasichana wakapunga viganja hewani, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi, wakapokea pakiti zao. Mmoja aliyekaa karibu nami alifungua yake, akabandua karatasi ya gundi, akaigeuza pedi huku na huku, kisha akamtazama mwenzake. Mwenzake akapandisha mabega.

Simlaumu mwalimu yule. Kumsimamisha mwanamume mbele ya wasichana na wavulana aeleze mambo ya mwezini ni kumtwisha mzigo usio wake. Ninachokataa ni kwamba sote tulirudi nyumbani tukihesabu kuwa wasichana wale wameelimishwa.

Msichana anayesikia hafundishwi hedhi kwa siku moja. Huokota neno kwa shangazi jikoni, neno kwa dada anayelalamikia tumbo, neno redioni, neno bombani. Akija kuvunja ungo, nusu ya habari anayo. Kiziwi mara nyingi amezaliwa katika nyumba ya watu wanaosikia, na lugha ya alama ya nyumba hiyo huishia kwenye njoo, kula na lala. Maneno yote yale yanampita. Hata unyagoni, kungwi hufundisha kwa nyimbo na mafumbo. Mwali kiziwi anaiona ngoma, anaviona viuno, na maana inabaki kwa wenzake.

Nitaambiwa shule ipo. Ni kweli, Shule ya Viziwi Tabora ilianza mwaka 1963, na baada yake zimefuata nyingine. Lakini watoto wengi viziwi huanza shule wamechelewa, kwa kuwa wazazi hawakujua pa kuwapeleka au waliona haya. Msichana wa miaka 13 anaweza kuwa bado darasa la pili au la tatu, na somo la balehe liko madarasa ya juu. Damu haimsubiri afike huko.

Wengine watasema shida ni bei. Mwaka 2018 serikali yetu ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Kelele tuliyopiga ilikuwa ya haki, na ningeipiga tena. Lakini pedi hata ikigawiwa bure, haimwelezi aliyeishika kwa nini anatokwa damu.

Siku ileile, baada ya wageni kuondoka, matroni alimwita mwanamke kiziwi, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alitandika chupi mezani, akabandika pedi, akaimiminia juisi ya rozela kidogo kidogo ili waone inavyonywa na inavyojaa. Akachukua kalenda na kalamu nyekundu, akawaonyesha kuhesabu tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza inayofuata. Akawaeleza vitambaa vianikwe juani, visifichwe uvunguni vikiwa vibichi. Mikono ya wasichana ikafunguka. Mmoja akauliza: wanaosikia nao hutokwa damu?

Bado yupo atakayenijibu kwamba haya ni ya faragha, na lugha ya alama huonekana uwanja mzima. Viziwi wana namna yao ya kunong'ona: hugeuka, hushusha mikono, alama zikawa ndogo. Faragha wanaijua. Tunachowapa sisi ni ukimya, na ukimya huo una hatari kubwa kuliko doa kwenye sketi. Msichana asiye na alama za viungo vyake atamwelezaje polisi au daktari akiguswa na mtu asiye na haki ya kumgusa?

Kwa hiyo nasema wazi: kila bweni la wasichana viziwi liwe na mwanamke kiziwi aliyeajiriwa, mwenye mshahara, si wa kuitwa kwa hisani akiacha cherehani yake. Na aanze kuwafundisha kabla hawajavunja ungo. Nyumbani, mama asiseme hana muda. Alama za damu, tumbo, maumivu, pedi na hospitali hujifunzika jioni moja, na binti wa kumfundisha analala chumba cha pili.