Tundu kwenye Tarumbeta

Kwa miaka mingi nimesikiliza Bach kwenye rekodi zinazojinadi kuwa zimepigwa kwa ala za kale, nikiamini ninachosikia ndicho walichosikia watu wa Leipzig.

Tarumbeta ya enzi ile ni bomba tupu la shaba lililokunjwa, refu kuliko mita 2. Haina vitufe, vitufe vilikuja karne ya 19. Mpigaji ana midomo na pumzi tu. Bomba lina ngazi yake ya sauti za asili, na baadhi ni kaidi. Ya 11, kwa mfano, huangukia katikati ya noti mbili, haitaki huku wala kule. Mpigaji anaivuta kwa midomo mpaka ikae. Ni kazi ngumu. Gottfried Reiche, mpigaji wa Bach, alianguka na kufa tarehe 6 Oktoba 1734, siku moja baada ya kupuliza mbele ya mfalme.

Kumbe tarumbeta nyingi za rekodi hizo zina matundu madogo yaliyoongezwa karne ya 20. Fungua tundu kwa kidole, sauti kaidi inanyooka. Wapo wachache, kama Mfaransa Jean-François Madeuf, wanaopiga bila tundu hata moja. Kwao unaisikia ile sauti ikihangaika kabla haijatulia.

Nilijiona nimedanganywa. Halafu nikakumbuka kazi yangu.

Niliwahi kumhoji mama aliyefiwa na mwanawe. Alisitasita, akarudia neno moja mara tano: "Nilimwambia." Kwenye makala nikalibakiza mara moja, sentensi zikateleza. Mhariri akanisifu. Binti wa yule mama akanipigia simu: "Dada, mama hakuongea hivyo. Umemfanya kama hakuumia."

Sikuwa nimeongeza uongo wowote. Nilitoboa tundu tu.

Sisemi matundu ni dhambi. Mpigaji akikosea noti moja anaharibu jioni ya watu wengi, na mimi nisiponyoosha maneno hakuna atakayemaliza kusoma. Lakini tusidanganyane: kinachonyooshwa si kasoro tu. Mara nyingine ndipo palipokuwa na mtu mwenyewe, akivutana na kitu kisichotaka kutoka.

Bado nanyoosha maneno ya watu, ndiyo kazi. Ila makala ile ningeirudia leo, "nilimwambia" ingebaki mara zote tano.