Binti Yetu na Nguo ya Bibi Maryam

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu wa miji ya pwani, twawaandikia kutoka Migosi, hapa Kisumu, jambo lililoanza kwa mtu mmoja wa kwenu, kisha tukaona latuhusu sisi sote.

Muhula uliopita alitujia baada ya sala ya Isha ndugu mmoja kutoka Mombasa. Binti yake, aliye kidato cha tatu, asoma katika skuli ya bweni ya wasichana iliyo chini ya Kanisa Katoliki pande hizi za ziwa. Alikuwa amekuja kumzuru, akalala kwetu. Alipokwisha kunywa chai alisema: "Shekhe, mwanangu amepewa nguo ya samawati na kitambaa cheupe. Wanafunzi wataigiza kuzaliwa kwa Nabii Isa kabla ya skuli kufungwa, naye ameambiwa awe Bibi Maryam. Mwalimu amemchagua kwa sauti yake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kujitanda. Mamake amefurahi, mimi sipati usingizi. Je, nimtoe skuli?"

Baraza yetu iligawanyika pale pale. Mmoja alisema: "Mtoe kesho asubuhi." Mwengine akasema: "Ni mchezo tu wa watoto, mwache acheze." Nasi twaona kuwa wote wawili wamekosea, na makosa yao ndiyo makosa yetu sote kwa miaka mingi.

Ama yule aliyesema kuwa ni mchezo tu, na ajue kuwa wenyewe Wakatoliki hawasemi hivyo. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, mtawa wao mashuhuri Francis wa Assisi aliweka hori la majani, na ng'ombe, na punda, ili watu waone kwa macho yao yale waliyokuwa wakiyasikia kwa masikio. Watu wengi wa zama zile hawakujua kusoma, na kuigiza kukawa ndicho kitabu chao. Basi kwao hayo ni mafunzo, na ni karibu na ibada. Wala hatuwalaumu kwa kuifunza dini yao ndani ya skuli waliyoijenga wenyewe. Lakini mtoto anayehifadhi maneno kwa wiki sita, akayasema kila jioni kwa sauti na kwa machozi, hawezi kuambiwa kuwa hakusema kitu. Hata wakubwa wa serikali walijua kuwa mchezo wa skuli si upuuzi. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Butere ulizuiliwa usionyeshwe katika mashindano ya taifa, hata Mahakama Kuu ikaamuru uonyeshwe. Lau mchezo ungekuwa ni mchezo tu, nani angeuogopa?

Na kwa upande wetu sisi, maulamaa wengi wamekataza kabisa kuigizwa kwa Mitume. Bibi Maryam, ijapokuwa walio wengi hawamhesabu katika Manabii, ni mwanamke aliyetukuzwa na Mwenyezi Mungu, na heshima yake si ya kuvuliwa na kuvaliwa jukwaani. Tena katika mchezo wa Kikatoliki huenda akaitwa Mama wa Mungu, na Muislamu hawezi kulitamka neno hilo wala kuitikia akiitwa kwalo. Kwa hivyo binti huyu hapaswi kuivaa nguo ile. Hili hatuna shaka nalo.

Ama yule aliyesema atolewe skuli, twamuuliza: ukimtoa, utampeleka wapi? Serikali yampanga mtoto wa Mombasa au wa Lamu katika skuli ya bara, na nyingi katika skuli zilizo bora ziliasisiwa na makanisa. Wamishinari wa Mill Hill walifika Kisumu mwanzo mwanzo wa karne iliyopita, hata miaka kumi haijatimia tangu reli kufika ziwani mwaka 1901. Waislamu nao walikuwapo: Waswahili, Wanubi, na Wahindi. Wenzetu walijenga msikiti, wakaswali, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini wao walijenga kanisa, na kando yake wakajenga skuli. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitupigia kelele juu ya jambo hili katika gazeti lake la Al-Islah tangu mwaka 1932. Tulimsifu, tukamzika mwaka 1947, tukarudi kwenye harusi zetu za siku saba. Leo kumtoa binti skuli kwa ghadhabu ya usiku mmoja ni kumwadhibu yeye kwa kosa la babu zake.

Basi tulimshauri ndugu yetu njia ya tatu. Tulimwambia aandike barua kwa adabu, aseme kuwa mwanawe hawezi kuigiza jambo hili kwa sababu ya dini yake, na kuwa yu tayari kusaidia kazi nyengine isiyo na ibada ndani yake. Haki hiyo anayo. Katiba ya nchi ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, yakataza mtu kulazimishwa kutenda lililo kinyume na imani yake. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 27, yampa mfadhili wa skuli kazi ya kulea mambo ya roho, na papo hapo yamtaka ailinde dini ya wasiokuwa wa madhehebu yake. Lakini tulimuonya asianze kwa kutaja mahakama. Kesi ya hijabu ya skuli moja ya Isiolo ilipanda mahakama tatu, na mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyokuwa imewapa wasichana haki ya kuvaa. Barua njema mara nyingi hufika mahali ambapo wakili hafiki.

Barua ilipelekwa, na mwalimu, ambaye ni mtawa, aliipokea bila ugomvi. Akampa nguo ile msichana mwengine siku ile ile. Kisha akamuuliza binti yetu kwa upole: "Nimeelewa kuwa huwezi. Sasa niambie, ninyi Waislamu mwaamini nini juu ya Maryam?"

Ndugu zangu, binti hakuwa na jawabu. Alijua kuwa akatae, hakujua akataalo na alipendalo. Miaka saba alisoma chuoni. Majina ishirini na matano ya Mitume ayataja kwa mpigo mmoja. Na Surat Maryam aisoma kwa tajwidi isiyo na kasoro. Lakini hakuweza kumwambia mwalimu wake kuwa mamake Bibi Maryam aliweka nadhiri ya mtoto aliye tumboni awe mtumishi wa Mwenyezi Mungu, akazaa mwanamke. Kuwa Nabii Zakariya alikuwa mlezi wake, na kila akiingia mihrabuni alikuta riziki asiyojua imetoka wapi. Kuwa uchungu ulimshika peke yake chini ya shina la mtende, akatamani lau angekuwa amekwisha kufa. Wala kuwa yeye ndiye mwanamke wa pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani. Baba mtu alipotusimulia hayo alilia. Nami nilinyamaza, kwani nilijiuliza ni wangapi katika wanafunzi wangu mwenyewe wangejibu.

Tukumbuke hijra ya kwanza. Waislamu walipoonewa Makka walikimbilia Habash, kwa mfalme Najashi aliyekuwa Mkristo. Walikuwa wageni katika nyumba ya watu wa dini nyengine, kama binti yetu alivyo mgeni. Imepokewa kuwa walipoambiwa wamsujudie mfalme walikataa kwa adabu; hiyo ndiyo nguo ambayo hawakuivaa. Lakini hawakuishia kwenye kukataa. Walipoulizwa juu ya Isa na mamake, Sayyidna Jaafar bin Abi Talib alisimama akamsomea mfalme mwanzo wa Surat Maryam, asifiche neno wala asitukane mtu, hata Najashi akalia na ndevu zake zikalowa, akawapa amani nchini mwake. Lau Jaafar angejua kukataa tu, asijue kueleza, wale Waislamu wangerudishwa Makka kwenye mateso.

Basi ni nani aliyemnyima binti yetu maneno ya Jaafar? Si mtawa. Ni sisi waalimu wa chuoni tunaomfunza mtoto herufi tusimfunze maana. Ni wewe mzazi unayelipa karo ya skuli kabla ya tarehe, na ada ya chuo unamwambia maalim angoje mwisho wa mwezi. Wala hatuna udhuru wa lugha: tafsiri kamili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, kwa Kiswahili chetu wenyewe, i mikononi mwetu tangu mwaka 1969. Mtume wetu ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Tutaulizwa juu ya mabinti zetu, si juu ya watawa.

Kwa hivyo twawausia mambo matatu. Kabla mtoto hajapanda basi kwenda bara, mkae naye mumsomee maana ya Surat Maryam na Aal Imran, mpaka aweze kusimulia kwa maneno yake. Mumpe barua yenu mapema, siku ya kumwandikisha, msingoje nguo ishonwe. Na pale alipo, awe mwenye adabu kuliko wote na mwenye bidii kuliko wote, ili akisema "siwezi" ajulikane kuwa hasemi kwa uvivu wala kwa dharau.

Yule mtawa alimwambia binti: "Ukilipata jawabu, niletee." Likizo hii baba na mwana wanasoma pamoja kila baada ya Alfajiri, na skuli yafunguliwa mwezi ujao. Twamuomba Mwenyezi Mungu aufungue ulimi wake kama alivyoufungua wa Jaafar, na atuamshe sisi wazee wake tuliolala. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.