Ng'ombe Wasiohesabiwa

Je, kundi la ng'ombe ambalo halijahesabiwa lina idadi, au idadi huja na mhesabuji? Swali hili lina mizizi Ukambani. Katika kitabu chake cha 1918, Folk-lore in the Old Testament, James Frazer alieleza kwamba kwa Wakamba kuhesabu mifugo kulikuwa mwiko. Kundi liliporudi zizini jioni, mwenyewe alilipitishia macho tu, akatambua kama kuna aliyepotea. Frazer aliuweka mwiko huo kando ya kisa cha mfalme Daudi katika Samweli wa Pili, sura ya 24, aliyewahesabu watu wake na tauni ikafuata.

Frazer aliona ushirikina hapo. Angeweza pia kuona ujuzi. Anayemjua kila ng'ombe kwa rangi, pembe na mwendo huliona pengo bila kuhitaji nambari. Hata hivyo, kama kila ng'ombe angewekewa kokoto moja, kisha kokoto zikapangwa mbili mbili, ama ingebaki moja ama isingebaki. Kundi ni shufwa au witiri kabla ya yeyote kutamka. Wengi watalikubali hilo bila ubishi, kwa kuwa kundi lina mwisho.

Ubishi huanza pasipo na mwisho. Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler barua yenye kisio ambalo leo husemwa hivi: kila nambari shufwa inayozidi 2 ni jumla ya nambari tasa mbili. Nambari tasa ni 2, 3, 5, 7, 11 na nyinginezo, zinazogawika kwa 1 na kwa zenyewe tu. (Jina lenyewe halizitendei haki: zinaitwa tasa, na ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishwa.) 28 ni 5 na 23, tena ni 11 na 17, 100 ni 47 na 53. Mwanafunzi mwenye penseli anaweza kuucheza mchezo huu mchana kutwa asiuchoke. Kompyuta zimeucheza hadi 4 ikifuatwa na sufuri 18, na hakuna shufwa hata moja iliyokwama. Uthibitisho bado haujapatikana.

Wingi wa mifano hauwezi kushika nafasi ya uthibitisho. Mwaka 1919 George Pólya alikisia kwamba, ukikomea popote kuanzia 2, angalau nusu ya nambari ulizopita zina vigawo tasa ambavyo idadi yake, vinavyojirudia vikihesabiwa kila mara, ni witiri. Kisio hilo lilionekana imara, mpaka C. B. Haselgrove alipoonyesha mwaka 1958 kwamba si kweli. Linavunjika kwa mara ya kwanza kwenye 906,150,257. Wakulima wa Kitui na Makueni, wanaotegemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi, hawana haja ya kufundishwa kwamba misimu mizuri iliyopita si dhamana ya msimu ujao.

Basi, je, jibu la Goldbach lipo tayari? G. H. Hardy, katika kitabu chake cha 1940, alishikilia kwamba ulimwengu wa hisabati uko nje yetu, nasi tunaugundua tu. Mholanzi L. E. J. Brouwer alikuwa amekwisha kukataa tangu 1908: pasipo uthibitisho wala kanusho, mtu hana haki ya kudai kwamba jambo lisilo na kikomo lazima liwe kweli au uongo.

John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katika African Religions and Philosophy (1969) alichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akadai kwamba wakati hufanywa na matukio. Yaliyotukia huingia Sasa, kisha huzama katika Zamani. Ya mbali yasiyotukia si wakati bado. Kwame Gyekye, Mghana, alimpinga akisema Waakani wana dhana kamili ya wakati ujao, hivyo dai la Mbiti lisienezwe kwa Waafrika wote. Pingamizi hilo lina uzito. Mbiti hakuzungumzia nambari tasa, lakini shufwa ambayo hakuna aliyeifikia inafanana na siku ambayo haijatukia. Tofauti ni kwamba Mbiti aliacha nafasi kwa yale ambayo mzunguko wa maumbile utayaleta kwa hakika, kama misimu, na shufwa inayofuata huja kwa uhakika kuliko mvua yoyote: ongeza 2.

Kuna jambo moja ambalo kambi zote mbili, ya Hardy na ya Brouwer, zinalikubali. Shufwa yoyote mahususi ikitajwa, yeyote mwenye subira anaweza kuhakiki kwa kujumlisha tu kama inamwangusha Goldbach. Kwa hiyo, ikithibitishwa kwamba kisio haliwezi kukanushwa kwa njia hiyo, litakuwa limethibitishwa papo hapo kuwa kweli. Mwenye zizi akihakikisha kwamba hakuna pengo linaloweza kuonekana, hana tena haja ya kokoto.