Kuziba Ufa na Kuficha Ufa

Methali mbili za Kiswahili zinanisumbua zikikaa pamoja. Moja husema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyingine husema: mficha maradhi kifo humuumbua. Ya kwanza inamsifu anayeziba, ya pili inamlaumu anayefunika. Lakini mkono unaoziba na mkono unaofunika mara nyingi ni mmoja. Basi tutajuaje ni wakati gani tunatengeneza, na ni wakati gani tunadanganya?

Nitalijadili swali hili kwa kitu kidogo: dashibodi iliyopasuka ya gari kuukuu.

Hapa Gihosha magari mengi hushinda juani. Mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, na usukani wake uko kulia ingawa Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dashibodi zake, mara nyingi, ni ngozi ya plastiki iliyowambwa juu ya sponji. Plastiki hiyo ni laini kwa sababu imechanganywa na vilainishi. Jua likipiga kioo cha mbele mwaka baada ya mwaka, vilainishi huvukizwa kidogo kidogo. Ngozi hukauka, husinyaa, na mwisho hupasuka.

Fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kukata kingo zilizojikunja, kujaza ufa kwa kijazio kinachonyumbulika, kupiga msasa na kupaka rangi. Ya pili ni kutandika zulia au ngozi ya bandia juu ya yote, kazi ya dakika chache.

Baba yangu mdogo alichagua zulia. Muda wote alipokuwa akiliendesha gari lile, sioni kwamba alimdanganya mtu. Zulia lilizuia jua na lilimpendeza. Hata mimi huvaa shati lililopigwa pasi siku ambayo mfukoni sina kitu, na hakuna anayeniita mwongo. Lakini alipotaka kuliuza, nilimuuliza, “Baba mdogo, hilo zulia utaliondoa?” Akanijibu, “Mwanangu, mnunuzi ana mikono. Akitaka atafunua.”

Jibu hilo ni la zamani sana. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli aliona kwamba muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje; zaidi ya hapo, kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi wake Antipater alikataa: muuzaji asimwache mwenzake gizani juu ya jambo analolijua mwenyewe. Cicero alimuunga mkono Antipater. Waislamu wa Buyenzi, mtaa wenye mafundi wengi wa magari, wanalijua fundisho lilelile kwa njia nyingine: Mtume alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuweka sehemu iliyolowa juu watu waione.

Hata hivyo, hoja ya baba mdogo haifai kupuuzwa. Zulia ni jambo la wazi. Kila mnunuzi mjini anajua kwa nini huwekwa, na bei huzungumzwa kwa kujua hivyo. Ufa mtupu haumuui mtu.

Tatizo ni kwamba mikono ya mnunuzi haifiki kila mahali. Chini ya dashibodi, upande wa abiria, magari mengi yana mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga. Kijazio kikipakwa juu ya kifuniko chake, au kitu kikigandishwa hapo, mfuko unaweza kushindwa kufunguka inavyotakiwa. Tena joto lililopasua ngozi halikuishia kwenye ngozi. Mifuko ya kampuni ya Takata iliharibika kwa sababu kemikali yake haikustahimili joto na unyevu wa miaka mingi. Mingine ililipuka na kurusha vipande vya chuma, na mwaka 2017 kampuni hiyo iliomba kufilisiwa. Kasoro ya namna hiyo haionekani kwa kufunua zulia.

Kwa hiyo natofautisha hivi. Kuziba ni kazi inayomfaa atakayekitumia kitu. Kuficha ni kazi inayomfaa anayekitoa tu. Zulia lilelile linaweza kuwa la kwanza leo na la pili kesho, kwa sababu aliyekaa mbele yake amebadilika. Kasoro ya urembo, muuzaji aijibu akiulizwa. Kasoro inayoweza kuumiza, aiseme kabla ya kuulizwa, kwa kuwa asiyejua hawezi hata kuuliza.

Mtu atasema kwamba kwa desturi hiyo muuzaji mkweli atapata bei ndogo. Ni kweli, atapata. Lakini kilichopungua ni fedha ambazo mnunuzi, kama angejua, asingezitoa. Sijui kwa haki gani zingeitwa za muuzaji.