Saa ya Baharia kwa Asiyesafiri

Je, ni haki mtu kununua saa ya mkono kwa fedha iwezayo kujenga nyumba? Tusiwe wepesi wa kulaumu. Yafaa kwanza tuitazame saa yenyewe na kazi yake.

Saa ya baharini ilitokana na msiba. Mwaka 1707 merikebu nne za kivita za Waingereza zilivunjika penye miamba ya visiwa vya Scilly, wakafa watu zaidi ya 1,000. Zamani hizo manahodha hawakuwa na njia ya hakika ya kujua wamefika wapi, mashariki au magharibi, kwa kuwa hakuna saa iliyoweza kushika majira katika mawimbi. Na kosa la dakika 4 tu ni kosa la digrii nzima. Seremala mmoja, John Harrison, akajitaabisha miaka mingi. Saa yake ya nne ilijaribiwa mwaka 1761 katika safari ya Jamaica, na kwa siku 81 ikakosea sekunde kama 5 tu. Vyaelea, vimeundwa!

Siku zetu hizi zimekuwapo saa za fahari kwa wenye mashua za matanga. Mwaka 2007 Rolex walitoa Yacht-Master II, ihesabuyo dakika zilizobaki kabla ya mashindano kuanza. Mashua ikivuka mstari kabla ya ishara, sharti irudi. Basi, kwa mshindani chombo hicho kina maana.

Lakini asiyeshika usukani ananunua nini? Si majira; maana saa rahisi ya betri kwa kawaida huyashika vema kuliko saa ya kamani ya bei kubwa. Wengine watajibu kwamba ananunua kazi nzuri ya fundi, na fundi astahili ujira wake. Jibu hilo ni la haki, nasi hatulikatai. Uzuri si kosa.

Kosa huanza pale mtu anapotaka heshima ya ubaharia pasipo taabu yake, tena kwa fedha inayodaiwa na ada za watoto au dawa za wazee. Harrison alisifiwa kwa sababu saa yake iliokoa watu. Kila mwenye kitu cha thamani na ajiulize: chamfaa nani, zaidi ya macho ya watu?